Sarafu Ndani ya Sabuni

Kila ninapolala hotelini kwa shughuli za kazi, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuchukua ile sabuni ndogo iliyofungwa kwa karatasi, ile wanayoiweka kando ya sinki, na kuifungia kwenye droo. Natembea na kipande changu cha sabuni ya mche ndani ya kikopo, mtu mzima mwenye watoto wawili. Mwezi uliopita, kwenye semina Musoma, mwenzangu niliyepangiwa naye chumba aliifungua moja kabla sijaiwahi, na ile harufu ya maua yasiyoota kwetu ikatoka bafuni pamoja na mvuke. Nilikaa kitandani nikashika godoro kwa mikono miwili. Akaniuliza kama naumwa malaria. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza habari za mfalme.

Nitawaeleza ninyi wa rika langu, mliokua wakati ambapo mtu mzima akisema jambo, jambo hilo lilikuwa limekwisha na hakuna wa kuuliza mara mbili.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu ni Nyamwaga, Tarime, na huko ndiko nilikosoma, nikikaa na bibi yangu mzaa mama kwenye migomba yake. Baba alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Mama alikuwa dobi kwenye kambi moja ya watalii upande wa Natta, kambi ya mahema iliyokuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kijijini, na mimi nilikwenda kwake wakati wa likizo tu. Alikuwa amepanga chumba kimoja kwa Mama Sabina, mjane wa Kinata ambaye alinipenda kwa sababu nilimsaidia kufukuza kuku kwenye mtama, na ambaye alikuwa na jibu la kila swali nililomuuliza.

Kambini, wageni walibadilishiwa sabuni kila asubuhi hata kama waliitumia mara moja. Msafishaji wa mahema alikusanya vile vipande kwenye ndoo na mama akaruhusiwa kuvichukua. Jioni akifika nyumbani alivilowanisha, akavifinyanga pamoja kwa viganja vyake vikubwa mpaka vikawa donge moja kama ngumi, lenye mistari ya kijani, nyeupe na rangi ya maziwa ya chai. Tulioga kwa donge hilo, tukafulia donge hilo. Nikipita njiani wanawake walinusa hewa wakasema, "Huyo ni mtoto wa Mama Robi." Nilijiona mtu.

Jioni ya pili au ya tatu ya likizo hiyo mama alikuwa ananisuka. Nilikaa chini, kichwa changu kikiwa katikati ya magoti yake, na nje Mama Sabina alikuwa anapepeta.

"Leo nimeshika dhahabu," mama alisema.

Dhahabu niliyoijua mimi ni ya kwetu Tarime, vumbi la mawe ambalo wanaume wanaliosha kwenye karai, na habari zake zilikuwa habari za watu waliofukiwa na mashimo. Nikamuuliza ilikuwa kwenye jiwe gani.

"Si ya jiwe. Ni hela. Kuna bibi mmoja mgeni, mzee kabisa, anatembea na fimbo. Amekuja pale ninapopigia pasi akakaa kwenye benchi kama mtu wa nyumbani. Shingoni ana mkufu, na kwenye mkufu kuna hela ya dhahabu ya zamani sana, imeshikwa na vikucha vinne. Alipewa na marehemu mume wake. Wambura alikuwa ananitafsiria."

Kaka Wambura alikuwa kijana wa Kiikoma, dereva na mwongoza wageni wa kambi, mtu mpole ambaye aliniletea biskuti kila alipopita kijijini.

Mama akanisimulia huku akinivuta nywele. Ile hela ilikuwa na uso wa mfalme. Hakuzaliwa mfalme. Alikuwa mkubwa wa askari kwenye nchi ya mbali iliyokuwa tayari na mfalme wake, akaasi, na askari wake wakambeba juujuu wakisema kuanzia leo ni wewe. Kabla hajajenga hata nyumba alikusanya dhahabu akaamuru zipigwe hela zenye uso wake, maana hapakuwa na picha wala redio, na watu wangejuaje wamwinamie nani? Akatawala kama msimu mmoja wa mahindi, tangu kupanda mpaka kuvuna. Kisha yule mfalme wa kwanza akaja na jeshi kubwa, na walewale askari waliombeba wakamuua kwa mikono yao ili wasamehewe.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu ikatoka amri. Ukikutwa na hela yake, wewe ni mtu wake, unauawa. Watu wakaziyeyusha, wakazitupa visimani, wakazifukia. Ndiyo maana zimebaki za kuhesabu duniani kote. Geuza kichwa."

"Ukikutwa nayo unauawa?"

"Unauawa. Papo hapo. Tulia, mstari unapinda."

Alisema "unauawa". Hakusema "ulikuwa unauawa". Hofu yangu yote ilianzia kwenye kitenzi hicho. Mama alikuwa anasimulia vizuri tu, kama mtu anayetaka msikilizaji wake aione hadithi mbele ya macho, na mimi nikaiona, nikaiweka pamoja na mambo mengine niliyoyajua ya dunia: nyoka anauma, maji ya mto yanazamisha, ukikutwa na hela ya yule mfalme unauawa. Nikamwonea huruma yule bibi mwenye fimbo. Nikawaza labda yeye ana kibali, kwa kuwa ni mgeni na ni mzee.

Kesho yake mama alichelewa kurudi. Aliingia na ule mfuko wake wa vipande vya sabuni, akauweka chini bila kunisalimia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Tata!" alisema, akimwita baba yake aliyekufa zamani, kama Wakurya tunavyofanya jambo likituzidi. "Ile hela ya bibi imepotea."

Mkufu ulikuwa shingoni, vikucha vilikuwepo, lakini hela haimo. Bibi alioga jana jioni, akalala, asubuhi akaamka akajishika shingo. Wafanyakazi wote walipekuliwa getini. Mlinzi alitia hata mkono kwenye mfuko wa sabuni wa mama, akautoa ukiwa na utelezi mpaka kwenye kiwiko, akatukana. Mama alisimulia hilo bila kucheka. Kisha, kwa mazoea ya mikono, akamimina maji kwenye beseni, akalowanisha vipande vya siku hiyo na kuvifinyanga juu ya donge la zamani, akitazama ukutani.

"Wanasema ni mtu wa mahema au ni dobi," alisema. "Nani mwingine anayeshika mataulo yao?"

Siku iliyofuata nilibaki peke yangu, nikafua gauni langu nje ya mlango. Nilikuwa nasugua kola kwa lile donge pale kitu kigumu kiliponikwaruza kidole. Nilidhani ni kijiwe. Nikakichokonoa kwa ukucha, na ukingo wa manjano ukatokeza kwenye povu.

Sikuhitaji kuambiwa. Niliitoa nikaiweka kwenye kiganja changu kilicholowa. Ilikuwa kama kifungo cha koti, nzito kuliko nilivyotarajia, na ilikuwa na joto, au mkono wangu ndio uliokuwa na joto. Mfalme alikuwa ametazama pembeni. Alikuwa na shingo nene kama ya fahali, ndevu fupi, na kitu kama majani kichwani. Jicho lake moja lilikuwa kubwa, limetokeza, na ingawa uso ulielekea kando nilihisi jicho hilo linanijua. Nikaigeuza haraka ili lisinione. Upande wa pili kulikuwa na mikono miwili tu, bila watu wake. Mkono mmoja ulikuwa umeushika mwingine. Nilielewa mara moja: ni askari amemkamata mtu. Walikuwa wameichora amri yenyewe juu ya hela, ili hata asiyejua kusoma ajue kitakachompata.

Nikaangalia huku na huku. Mama Sabina alikuwa shambani. Niliisukuma hela ndani ya donge kwa kidole gumba mpaka ikazama, nikapaka sabuni laini juu yake, nikalirudisha donge kwenye kopo lake dirishani. Nilikuwa bado nimesimama pale, mikono ina povu, niliposikia gari.

Lilikuwa gari la kambi. Mama alishuka wa kwanza, kichwa wazi, kilemba chake mkononi. Nyuma yake alishuka meneja wa kambi, mwanaume mrefu aliyevaa kofia ya majani, na nyuma yake askari polisi wawili. Waliponiona hawakunisalimia, na mimi sikuweza hata kutoa shikamoo. Nilipoona kwamba ni askari ndio wanaoitafuta hela ya mfalme, shaka niliyokuwa nayo kidogo ikaisha kabisa.

Walipindua godoro. Wakamwaga nguo za mama, hata zile za ndani, na meneja akaangalia kando. Askari mmoja, mwenye mwili mkubwa, alitia mikono yote miwili kwenye debe la unga wa muhogo akaukoroga mpaka chini. Mwenzake alichambua majivu mekoni kwa kijiti. Mama alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani akisema, "Tafuteni, tafuteni tu. Mimi sina shaka."

Walipomaliza yule askari mkubwa alikuwa mweupe mpaka kwenye viwiko. Akaomba maji. Na mama, kwa adabu zake, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akimwaga unga wako, akachukua lile donge la sabuni kutoka dirishani akampa mkononi.

Nimepata hofu nyingi tangu siku ile, nimejifungua mtoto akiwa kimya, nimesubiri majibu ya hospitali. Hakuna iliyonikausha mdomo kama kumwangalia yule askari akinawa. Alilizungusha donge kwenye viganja, pole pole, akilifurahia. Povu likajaa. Akalizungusha tena. Nikaona kidole chake gumba kinapita palepale nilipopaka.

"Sabuni nzuri hii," alisema. "Inanukia kama harusi."

Akalirudisha. Mama akalipokea, akaliweka kwenye kopo. Gari likaondoka nao wote, mama akirudishwa kumalizia kazi ya siku, na mimi nikaingia ndani nikatapika kwenye unga uliomwagika.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumwambia mama jioni ile. Nilijaribu mara tatu. Lakini nilijua kwamba nikimwambia, yeye ndiye atakayeishika, na atakayeishika ndiye atakayekutwa nayo. Maadamu alikuwa hajui, niliona kama amesimama upande wa pili wa mto. Nikawaza kuitupa chooni. Labda ningeitupa, kama si kiapo.

Wafanyakazi wenyewe ndio waliotaka kiapo. Walichoka kutazamana vibaya, wakamwambia meneja kwamba polisi hawataipata, wao waachwe waape kwa desturi za huku. Aitwe mzee wa kiapo kutoka kijiji cha jirani, kila mtu aape mbele ya wenzake, na mwizi atajulikana kwa mwili wake. Meneja alikubali, sijui kwa kuamini au kwa kukata tamaa. Mama alileta habari hizo akiwa na furaha ya kwanza niliyoiona tangu hela ipotee.

"Kesho mchana yatakwisha," alisema. "Tumepewa maneno. 'Hela ya mgeni haijaingia mkononi mwangu, wala haijaingia nyumbani mwangu.' Basi. Unakunywa maji ya mzee, unarudi kazini."

Aliyarudia akipika ugali. Haijaingia nyumbani mwangu. Na mimi niliona kopo dirishani.

Asubuhi, baada ya mama kwenda kupanda lori la wafanyakazi, nilimfuata Mama Sabina kwenye mtama.

"Bibi, mtu akiapa uongo anakuwaje?"

"Tumbo linavimba," alisema bila kusimama. "Siku ya saba wanamzika. Nimemwona mmoja kwa macho yangu."

"Na kama hajui kwamba ni uongo? Kama anadhani ni kweli?"

Hapo alisimama, akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa bei ya mbuzi. "Kiapo kinajuaje kilichomo kichwani mwako?" alisema. "Maji yanasikia maneno tu."

Sidhani kama alijua kwamba ameniamulia. Nilirudi ndani, nikalivunja donge kwa kisu, nikaitoa hela. Mambo yalikuwa mawili na yote mabaya. Nikinyamaza, mama atameza maneno ya uongo na kufa siku ya saba. Nikiitoa, atauawa atakayekutwa nayo. Lakini kwenye jambo la pili palikuwa na nafasi ndogo: halikusema ni lazima awe mama.

Gauni langu halikuwa na mfuko. Mkononi ingeonekana, na kama wangeniona njiani wangeniua kabla sijafika, na mama angeapa. Nikaitia mdomoni, chini ya ulimi, nikaanza kukimbia.

Njia ya kambini ilipita kwenye vichaka na miti ya migunga, na hata watu wazima walikatazwa kuipita bila gari. Kwanza nilisikia ladha ya sabuni, kisha haikuwa na ladha yoyote. Dhahabu haina ladha, hilo nalijua mimi na wachache. Nilikimbia nikitema povu, nikitembea, nikikimbia tena. Katikati ya njia nilikuta kinyesi cha tembo kikubwa kuliko beseni, kinafuka moshi, na upande wa kushoto tawi likavunjika kwa mlio kama wa bunduki. Nikasimama. Niliwaona kupitia kwenye majani, migongo ya kijivu, sikio moja likipepea taratibu, mtoto wao katikati. Kwetu watu wameuawa na tembo kwenye mahindi yao wenyewe. Nilisimama na mfalme mdomoni, nikiogopa kumeza mate nisije nikammeza na yeye, kisha nikafikiri jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: kwamba tembo wakiniua hapa haitasaidia chochote, kwa sababu hawatanikuta nayo watu wanaohusika. Nikapita kwa kunyata. Walinisikia, sikio lilisimama, lakini waliniacha.

Mlinzi wa getini alinijua. "We Robi! Unakwenda wapi? Mama yako anajua?" Sikuweza kujibu. Niliinama chini ya mti uliozuia njia, nikakimbilia kule nilikoona watu.

Walikuwa wamesimama kwa mstari nyuma ya jiko. Mzee wa kiapo alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtu mdogo aliyekonda, amevaa koti la suti na kandambili, na mbele yake kibuyu na fupa jeupe la mnyama. Msafishaji wa mahema alikuwa ameshaapa, anajifuta mdomo. Aliyefuata alikuwa mama. Alikuwa ameruka lile fupa, ameshika kata ya maji kwa mikono miwili, na amekwisha kusema, "Hela ya mgeni haijaingia mkononi mwangu, wala..."

Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti kama ya ndama. Nikamvamia kiunoni. Kata ikaanguka, maji meusi yakanimwagikia kichwani, na mzee akasimama akikemea kwa Kinata. Niliitemea hela kiganjani, nikainua mkono juu kabisa ili wote waione, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba alikuwa nayo mwingine.

"Ninayo mimi!" nilisema. "Nimekutwa nayo mimi! Siyo mama!"

Kisha nikafumba macho.

Kilichotokea ni kwamba mtu alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, vilevile kama kwenye ule upande wa pili wa hela, na nikajikojolea mbele ya watu wazima thelathini. Alikuwa meneja. Aliichukua, akaipangusa kwenye suruali, akaitazama juani.

"Nani alikutuma uifiche?"

Mama akainama usawa wa uso wangu. "Robi. Umeitoa wapi?"

"Kwenye sabuni," nilisema.

Nilivyolisema lilionekana neno la kijinga, na mtu mmoja nyuma akacheka. Lakini Kaka Wambura alikuja mbele. Aliiomba ile hela, akainusa, akachokoa kwa njiti ya kiberiti kwenye maandishi yaliyouzunguka uso wa mfalme, na kila herufi ikatoa uchafu wa kijani na mweupe.

"Meneja, ni sabuni kweli," alisema. "Ilidondoka bibi anaoga, ikanata kwenye kipande chake. Mama Robi amefinyanga hivi," akaonyesha kwa mikono, "bila kuiona. Getini walitia mkono wakaipapasa wenyewe."

"Hadithi ya sabuni," meneja alisema.

Yule bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai mbele ya hema lake, mizigo yake imefungwa, akisubiri gari la kumpeleka uwanja mdogo wa ndege. Wambura alimpelekea, na mimi nikapelekwa pamoja naye, nguo imelowa. Nilidhani hapa ndipo mahali penyewe pa kuuawa. Bibi aliipokea akaiweka shavuni, kama mtu anavyomfanyia mtoto mchanga, akalia bila sauti, miwani ikajaa ukungu. Alinishika mkono wangu, akasema neno.

"Anauliza kwa nini unatetemeka hivyo," Wambura alisema.

"Mwulize ataniua yeye au askari," nilimjibu.

Wambura alinitazama. Alianza kutabasamu, halafu tabasamu likakwama. Hakutafsiri. Alimwambia bibi jambo lingine, refu kidogo, na bibi akatikisa kichwa, akavua kitambaa chake cha shingo akanifunga kiunoni palipolowa.

Nimekwisha kumtafuta mfalme yule kwenye simu yangu. Sijui alikuwa nani. Wapo wengi waliofanana naye, wakubwa wa askari waliojitangaza, wakapiga dhahabu yenye nyuso zao haraka haraka, wakauawa kabla mwaka haujaisha, na majina yao yakafutwa kwenye mawe. Nimejifunza kwamba ile mikono miwili ilikuwa inasalimiana. Ilikuwa ahadi ya askari kwamba wanapatana na mfalme wao. Nilipolisoma hilo nilicheka kwanza, kisha nikafikiri kwamba kwa jinsi mambo yalivyomwishia, mtoto wa miaka tisa hakuisoma vibaya sana.

Mama hakuitwa mwizi, ila hakuitwa tena kazini. Meneja alimwambia apumzike nyumbani mpaka atakapotumiwa ujumbe, na ujumbe haukuja. Mwezi wa nane alirudi Nyamwaga, akaanza kuuza ndizi. Siku ile yenyewe hatukupewa gari mpaka kijijini. Wambura alitupitisha palipokuwa na tembo, akatushusha kwenye njia ya wazi, akarudi kumwahi mgeni wake.

Tulitembea. Mama alitangulia, mimi nyuma, kile kitambaa cha bibi kikiburuzika. Nilijua nitapigwa na niliona ni haki. Ghafla alisimama bila kugeuka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya askari."

"Kwa nini hukuniambia, Robi? Wewe mtoto, kwa nini? Umeniona wananimwagia unga, umenyamaza!"

"Ungekutwa nayo," nilisema. "Ulisema ukikutwa nayo unauawa. Papo hapo. Ulisema ukinisuka."

Aligeuka. Niliona anatafuta kwenye kumbukumbu zake, anarudi nyuma siku moja moja, mpaka akafika kwenye ile jioni, kwenye lile neno. Akafungua mdomo kama anataka kucheka, na mimi nikasubiri acheke.

"Sasa leo," alisema taratibu, "ulipokuja nayo. Ulikuja ukijua watafanya nini?"

"Waniue mimi."

Mama alikaa chini. Alikaa palepale katikati ya njia, na gauni lake la kazini, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Lori la mkaa lilikuja, likapiga honi, likatuzunguka kwa kupita kwenye majani. Hakunipiga wala hakunikumbatia. Kisha alipiga magoti, akanipa mgongo, akasema, "Panda."

Nilikuwa mrefu kwa umri wangu. Miguu yangu ilining'inia karibu kugusa chini, na alipoinuka aliguna kwa uzito. Akafunga mikono yake nyuma yangu. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka, kwa kutetemeka kulekule kwangu, na nilishindwa kujua anayetetemeka ni nani kati yetu. Tulifika kwenye nyumba za kwanza za Natta. Watu walitoka milangoni kututazama, msichana mkubwa amebebwa mgongoni kama mtoto mchanga, na nikaona aibu.

"Mama, naweza kutembea," nilimwambia sikioni.

"Najua," alisema, akaendelea.